Mashine ya Nyumbani Haina Mkaguzi Ila Wewe



Kurasa hizi huzungumza sana juu ya mishahara, saa za kazi, na wakubwa wasiotaka kukaa meza moja na chama. Hayo ni mambo ya lazima na tutaendelea nayo. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya mashine moja ambayo haiko kiwandani wala shambani kwa tajiri. Iko nyuma ya nyumba zetu wenyewe, chini ya mabati mawili matatu, nayo inakata vidole vya wanachama wetu bila mtu yeyote kuandikiwa barua. Nasema juu ya msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi wengi huuita bendiso.

Kwa yule asiyeujua, huu ni mkanda mrefu wa chuma chembamba wenye meno upande mmoja. Ncha zake mbili zimeunganishwa ukawa duara, kisha umevishwa juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Mota huzungusha gurudumu la chini, mkanda ukashuka kupitia tundu la meza, nawe ukasukuma ubao mpaka ukutane na meno. Wazo hili ni la zamani. William Newberry wa Uingereza alipata hati ya uvumbuzi huo mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mikanda ilikuwa ikikatika ovyo, mpaka mwaka 1846 Mfaransa aitwaye Crépin alipopata njia bora ya kuunganisha ncha zake. Natajia hayo kwa sababu hata leo kiungo hicho ni mahali pa kuangaliwa kila siku, kama nitakavyoeleza.

Hapa Tiira kazi ya mbao haikosi. Wachimbaji wa dhahabu wanataka mbao za kuzuia udongo mashimoni na mipini ya sururu. Wenye nyumba wanataka milango, vitanda na viti. Miti nayo ipo: mkaratusi, msonobari, mgrevilea, mfenesi, na mvule kwa mwenye bahati. Kwa hiyo mwenzetu anayejaza simenti kwenye magunia kule Tororo, au anayekata miwa upande wa Busia ya Kenya, akipata pesa kidogo hununua mashine, akafanya kazi ya mbao Jumamosi jioni na Jumapili. Simlaumu. Mshahara ungetosha, Jumapili angepumzika na watoto wake.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Asubuhi moja ya Jumatatu alikuja ofisini ndugu mmoja, mwanachama wetu wa zamu ya usiku, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kikubwa cheupe. Nikamkaribisha kiti. Akasema, "Ndugu Katibu, nimekuja tujaze ile fomu ya ajali." Nikachukua fomu na kalamu, nikaandika jina lake na namba yake ya kazi. Nikamwuliza, "Umeumizwa na mashine gani, ndugu?" Akanyamaza kidogo, akatazama chini, akasema, "Ya kwangu. Jana, nyumbani."

Nikaweka kalamu chini. Ni kazi ngumu kumwambia mtu aliyepoteza vidole viwili kwamba fomu hiyo si yake. Uganda tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria yao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri alipe mtu aliyeumia katika kazi ya mwajiri huyo. Ukiumia Jumapili nyuma ya nyumba yako, mwajiri ni wewe, mfanyakazi ni wewe, na wa kulipa fidia ni wewe pia. Ndugu yule aliporudi kiwandani hakuweza tena kushika kazi yake ya mashine. Akapewa ufagio ghalani, na nyongeza aliyokuwa akipata kwa kazi ya mashine ikakatwa. Chama kilipigania abaki kazini, na alibaki. Vidole hatukuweza kuvirudisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake kuiona hiyo mashine. Mimi kabla ya kuchaguliwa na wenzangu nilifanya kazi miaka sita katika karakana ya mbao, kwa hiyo najua kuangalia. Niliyoyakuta ni haya. Magurudumu yalikuwa wazi, hayana kifuniko. Mkanda ulikuwa umelegea. Kishikizi kimoja cha kuongoza mkanda kilikuwa kimepotea, mahali pake pamefungwa bolti. Nguzo ya juu ilikuwa imeinuliwa mpaka mwisho ingawa alikuwa akikata ubao mwembamba, basi mkanda ulikuwa wazi zaidi ya shubiri nzima. Tena swichi haikuwako, alikuwa akiunganisha nyaya mbili kwa mkono. Siku ile ya ajali umeme ulikatika katikati ya kazi. Akaacha nyaya zimeungana, akapeleka mkono kuondoa kipande kilichokwama karibu na meno. Umeme ukarudi.

Nawaambia kweli, ndugu zangu, katika makosa yale yote hakuna hata moja lililohitaji pesa nyingi kulirekebisha. Na karakana niliyofanyia kazi mimi, tulipokuwa vijana, tulikuwa tukifanya karibu yote hayo na kucheka. Kama nina vidole kumi leo ni kwa bahati.

Najua wako watakaouliza: chama kinahusu nini na mashine ya mtu nyumbani kwake? Mimi nasema kinahusu sana. Kwa miaka mingi tumepigana mashine za kiwandani zifunikwe. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 119 juu ya jambo hilo hilo mwaka 1963. Uganda ilipata Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2006, Kenya ikapata yake mwaka 2007. Tukiona mashine kiwandani haina kifuniko, tunasimama na kusema, "Hatuiwashi." Mbona basi mtu yule yule, saa nane baadaye, anakwenda kwake na kuwasha mashine iliyo mbaya kuliko ile aliyoikataa mchana? Mkono uleule ndio tunaoulinda kiwandani, na meno hayajui kama uko kwenye zamu au uko kwako.

Kwa hiyo naomba nieleze jinsi ya kuuweka msumeno huu sawasawa. Sitasema mambo ya vitabuni. Nitasema yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mkono, kwa skwea, kwa kipande cha karatasi na kwa uvumilivu. Nitayapanga kwa taratibu yake, maana ukiruka moja, linalofuata haliji sawa.

La kwanza, ondoa plagi. Usiseme nimezima. Ondoa plagi uiweke mahali unapoiona kwa macho. Kila jambo nitakalosema hapa, mpaka nitakaposema washa, linafanywa kwa kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono. Hakikisha pia mashine imesimama imara juu ya sakafu sawa, haichezi, na una mwanga wa kutosha. Mashine inayotingishika haiwezi kukata mstari.

La pili, ujue mwendo wake. Hili ni kwa wenye mashine zilizochomelewa na mafundi wa jua kali, ambao ndio wengi wetu. Mkanda wa kukata mbao kwenye mashine ndogo hukimbia kama mita 900 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya kilomita 50 kwa saa, mwendo wa matatu barabarani. Sasa soma kibati kilicho ubavuni mwa mota. Mota nyingi zimeandikwa mizunguko kama 1,450 kwa dakika, nyingine 2,850. Chukua mfano wa gurudumu la sentimita 40. Kama mota ni ya 1,450, puli ya mota ikiwa sentimita 7.5, ya gurudumu iwe sentimita 15, yaani mara mbili. Gurudumu litazunguka kama mara 725 kwa dakika, na mkanda utakwenda zile mita 900. Lakini ukifunga mota ya 2,850 kwa puli hizo hizo, mkanda utakimbia karibu mita 1,800, na gurudumu la kuchomelea halikutengenezwa kwa hilo. Kwa mota hiyo puli ya gurudumu iwe kubwa mara nne. Fundi akikuambia ikikimbia sana ndiyo inakata vizuri, mwambie aiwashe yeye, wewe usimame mbali.

La tatu, magurudumu. Kila gurudumu limevishwa mpira, na mara nyingi kwetu mpira huo ni wa tyubu uliobandikwa kwa gundi. Uangalie kama umekatika, umebanduka, au umejaa unga na utomvu. Utomvu wa msonobari ukigandamana juu ya mpira, mkanda huruka-ruka kama baiskeli kwenye barabara ya mawe. Ukwangue pole pole mpaka mpira uwe safi pande zote. Kisha shika gurudumu ulitingishe. Likicheza, beringi zimekwisha. Mwisho, chukua ubao mrefu ulionyooka uulaze kwenye nyuso za magurudumu yote mawili uone kama yako kwenye mstari mmoja. Ni kama gia ya mbele na ya nyuma ya baiskeli: moja ikiwa ndani na nyingine nje, mnyororo hutoka. Kwetu Busia, ambako boda boda zilianza kwa baiskeli, hilo hahitaji mtu kufundishwa.

La nne, chagua mkanda unaofaa kazi. Watu wengi wana mkanda mmoja tu na wanautumia kwa kila kitu mpaka ukatike. Mkanda mwembamba wa milimita 6 ni wa kukata mapindo, kama mgongo wa kiti. Unaweza kuzunguka pindo lenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi. Mkanda wa milimita 13 ni wa kazi nyingi za kila siku, lakini usiulazimishe pindo lenye nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 65, maana utaupinda na utakatika. Kupasua ubao mnene kwa urefu kunataka mkanda mpana zaidi, kama mashine yako inaukubali, wenye meno makubwa machache, kama matatu kwa inchi, ili unga upate nafasi ya kutoka. Mbao nyembamba zinataka meno madogo mengi. Kumbuka hivi: wakati wowote meno yasipungue matatu ndani ya mti.

La tano, kuvisha mkanda. Kabla ya kuvisha, rudisha nyuma vishikizi vyote, vya pembeni na cha nyuma, vya juu na vya chini, visiuguse mkanda kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanavisha mkanda mpya katikati ya vishikizi vilivyopangwa kwa mkanda wa zamani, halafu wanashangaa kwa nini haukai. Mkanda uliokunjwa hufunguka kwa nguvu kama nyoka, basi ufungue ukiwa umevaa glavu na uso umegeuka pembeni. Angalia meno: upande unaopita mezani yaelekee chini na yakutazame wewe. Yakielekea juu, ugeuze mkanda ndani nje, kama unavyogeuza mfuko. Kisha pitisha kidole kwenye kiungo. Kikiwa na uvimbe, kinapigapiga kila kikipita. Kikiwa na ufa, usiuvishe.

La sita, kukaza. Kaza skrubu ya gurudumu la juu polepole, huku unazungusha kwa mkono. Kishikizi cha juu kikiwa kimeinuliwa kama sentimita 15 juu ya meza, sukuma ubavu wa mkanda kwa kidole. Ukicheza zaidi ya milimita 6 hivi, bado umelegea. Mkanda uliolegea hutangatanga ndani ya mti, nawe unaanza kusukuma kwa nguvu, na mtu anayesukuma kwa nguvu ndiye mkono wake hutangulia mti ukiachia ghafla. Jioni kazi ikiisha, legeza skrubu. Mkanda na mpira vitadumu zaidi.

La saba, njia ya mkanda. Gurudumu la juu lina skrubu nyingine ya kuliinamisha mbele na nyuma. Zungusha kwa mkono na uangalie mkanda unakwenda wapi. Ukisogea mbele, inamisha gurudumu nyuma kidogo. Ukisogea nyuma, inamisha mbele. Kidogo kidogo, mpaka ukae katikati ya mpira mizunguko mingi bila kuhama. Ukishakaa, kaza nati ya kuzuia skrubu hiyo. Usiwashe mota kabla ya hapo.

La nane, vishikizi. Sasa virudishe kimoja kimoja. Vile vya pembeni visogee mpaka nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Vikigusa meno vitayaharibu. Kati ya kishikizi na mkanda iwe nafasi ya unene wa karatasi. Tia kipande cha karatasi kila upande, sogeza, kaza, toa karatasi. Cha nyuma kiache nafasi ya nusu milimita hivi, kiwe hakizunguki mkanda ukienda bure, kinazunguka tu mti ukisukuma. Fanya hivyo juu na chini ya meza. Cha chini ndicho watu husahau kwa kuwa hakionekani. Kama vyako vimepotea, usifunge bolti kama yule ndugu. Chonga vipande vya mti mgumu kama mkwaju, uviloweke kwenye mafuta usiku kucha, vitafanya kazi vizuri. Vikiisha, chonga vingine.

La tisa, meza. Weka skwea mezani ubavuni mwa mkanda, si kwenye meno, na uinamishe meza mpaka mwanga usipite katikati. Kisha jaribu. Kata kipande kimoja cha mti, pindua nusu moja, zikutanishe. Zikiacha pengo, meza haiko sawa bado.

La kumi, ujue mkanda wako unapenda kwenda wapi. Kila mkanda una upande wake kidogo. Ukiweka kiegemeo sambamba na ukingo wa meza na mkanda unavutia kushoto, utapigana nao siku nzima. Chora mstari ulionyooka kwenye ubao, ukate kwa mkono mtupu ukiufuata. Ukifika katikati, simama bila kuugeuza ubao, zima mashine, na mkanda ukishasimama chora kwa penseli mezani ulivyolala ubao. Huo ndio mwelekeo wa kufungia kiegemeo chako. Ukibadilisha mkanda, chora upya.

Sasa ndipo unaweza kurudisha plagi. Lakini kabla ya kuwasha, angalia ulinzi.

Magurudumu yote mawili yafunikwe, juu na chini, kwa bati au kwa ubao wenye bawaba. Mkanda ukikatika ukiwa unakimbia, kifuniko ndicho kinachouzuia usiruke nje kukutafuta. Upande wa mkanda unaopanda ufunikwe pia. Nguzo ya juu ishuke mpaka ibaki nafasi ya nusu sentimita hivi juu ya mti unaoukata, na mti ukibadilika, nguzo ibadilike. Ukisikia mlio wa tik, tik, tik unaorudi kwa mpango, zima mara moja, usingoje: hicho ni kiungo au ufa unaokuita. Simama pembeni mpaka magurudumu yasimame yenyewe, usiyafungue yakiwa bado yanazunguka.

Vidole visikae kamwe kwenye mstari wa meno. Sentimita kumi za mwisho sukuma kwa kijiti. Gogo la mviringo, kama la mpini, usilikate bila kulilaza kwenye kitanda chenye umbo la V, maana meno hulishika na kulizungusha pamoja na mkono wako. Glavu ni za kuvisha mkanda tu. Mashine ikiwaka, vua. Leso, shanga, mkono wa shati uliofunguka, vyote vibaki mbali. Na watoto pia. Mashine ya nyumbani iko katikati ya watoto, jambo ambalo hata kiwanda kibaya hakina.

Juu ya umeme nitasema kwa ukali. Weka swichi ambayo umeme ukikatika inajizima yenyewe na haiwaki mpaka uibonyeze tena. Swichi za namna hiyo zinauzwa mjini. Kama bado hujaipata, uwe na desturi hii: umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kutoa plagi, halafu ndipo ulalamike. Waya wa ardhini ufungwe kwenye mwili wa mashine. Na nyaya za kudokoa kutoka kwa jirani, za unene wa kamba ya kiatu, si za mota. Zinapata moto, na mota inakosa nguvu mahali ambapo unaihitaji.

Unga wa mbao nao si wa kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka unga wa mbao kati ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu mwaka 1995. Wanaokata mvule wanajua unavyowasha macho, pua na ngozi. Fanyia kazi mahali penye hewa, funga pua kwa barakoa nzuri, na mwagia maji kidogo kabla ya kufagia.

Ndugu wafanyakazi, najua mtu atasema hayo ni mengi. Mara ya kwanza yatakuchukua asubuhi nzima. Ukizoea, kuangalia kabla ya kazi ni dakika kumi. Wewe hupandi baiskeli kushuka kilima bila kujaribu breki.

Lakini sitaki kumaliza kwa kumwachia kila mtu mzigo wake peke yake, maana hapo chama kitakuwa na kazi gani? Nina mambo manne ya kuleta mbele ya matawi.

Moja, kila tawi liwahesabu wanachama wenye misumeno nyumbani, nao wafanye kikundi. Jumamosi moja kila mwezi watembeleane, mmoja akague mashine ya mwingine. Jicho la mwenzako huona bolti ambayo wewe umeizoea. Skwea moja nzuri ya kikundi inatosha watu kumi.

Mbili, vyama vyetu vya akiba na mikopo vikimkopesha mtu pesa ya msumeno, mkopo huo uhesabiwe pamoja na vifuniko na swichi. Kumpa mtu pesa ya mashine nusu ni kumsaidia kuumia.

Tatu, tuwaambie mafundi wa jua kali kwa sauti moja: mashine isiyo na vifuniko hatununui. Mafundi hao ni ndugu zetu, nao wana watoto wa kulisha. Hawatengenezi vifuniko kwa sababu mnunuzi hajavitaka. Mnunuzi mmoja akivitaka ataongezewa bei. Wakivitaka thelathini, vitakuwa sehemu ya mashine.

Nne, siku ya kukaa na waajiri juu ya mishahara, tusisahau kuwaeleza kwa nini mtu aliyefanya kazi siku sita anakata mbao siku ya saba. Wengine husema ati ni tamaa. Yule ndugu yangu alikuwa akikata miguu ya kitanda ili alipe karo ya mtoto. Kidole kilichopotea Jumapili kimetoka kwenye mshahara wa Jumamosi.

Yeye mwenyewe bado ana mashine yake. Hakuiuza. Nilikwenda kwake tena miezi michache baadaye, nikakuta vifuniko vya bati vimefungwa, swichi nyekundu ubavuni, na vishikizi vya mkwaju alivyovichonga kwa mkono wake mmoja mzima na nusu. Akaniambia, "Ndugu Katibu, tia karatasi hapo uone." Nikatia karatasi. Ilipita sawasawa, haikukwama wala haikucheza. Nikamwambia ni kazi nzuri. Akasema, "Laiti ungekuja wiki moja mapema."

Neno hilo silisahau, ndilo lililonifanya niandike. Wewe unayesoma, hiyo wiki moja bado unayo. Jumamosi hii, kabla ya kukata hata kipande kimoja, toa plagi uanze na la kwanza.

Umoja ni nguvu.